Duma Malishoni: Mwongozo kwa Wanaofanya Kazi Nje kati ya Lodwar na Kakuma

Mwongozo huu umeandikwa kwa watu ambao kazi yao ya kila siku iko nje: mchungaji wa Loima na Letea, dereva wa lori anayetoka Lodwar kwenda Kakuma na Lokichoggio, mwendesha bodaboda wa njia ya Oropoi, chifu na naibu wake, polisi wa akiba, afisa wa mifugo, mfanyakazi wa shirika anayetoka kambini kwenda mashinani, na muuza nyama sokoni. Hawa ndio wanaokutana na duma. Askari wa wanyamapori huja baadaye, akiitwa, na mara nyingi hufika jambo likiwa limekwisha kuamuliwa, kwa heri au kwa shari.

Kwa nini mzigo huu uko kwenu

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba duma waliobaki porini duniani kote ni takriban 7,100, na kwamba wanaishi katika asilimia 9 tu ya eneo walilokuwa wakitembea zamani. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwakadiria duma wa Kenya kuwa 1,160, chini ya nusu ya simba, waliokadiriwa kuwa 2,589. Ila katika utafiti ule wa 2016, jambo linalotuhusu zaidi sisi wa Turkana ni kwamba zaidi ya robo tatu ya eneo ambako duma amebaki iko nje ya mbuga na hifadhi. Sababu yake si ngumu kuelewa. Penye simba na fisi wengi, duma hunyang'anywa windo lake na watoto wake huuawa. Kwa hiyo hujitenga, akatafuta nchi kavu na wazi isiyo na wanyama wakali wengi. Nchi hiyo ndiyo malisho yetu.

Hifadhi ya Kitaifa ya Turkana Kusini, iliyotangazwa mwaka 1979, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,091. Kule Serengeti, duma jike anayefuata nyendo za swala huzunguka eneo la zaidi ya kilomita za mraba 800 kwa wastani. Maeneo ya majike hupishana, ni kweli, lakini hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba hakuna hifadhi katika kaunti hii inayoweza kumlea duma ndani ya mipaka yake peke yake. Watafiti huwataja duma wa kaskazini magharibi mwa Kenya pamoja na wale wa Bonde la Kidepo nchini Uganda na wa Sudan Kusini, kwa kuwa mnyama ni yuleyule anayehamahama kama wafugaji wenyewe wanavyohama mvua ikikosa. Uganda wamebaki wachache, na Kidepo ni mojawapo ya makao yao ya mwisho nchini humo. Duma akiuawa Mogila au Songot, hasara yake inafika huko.

Ndiyo maana ninaweka neno moja mbele ya mengine yote: katika nchi hii, namna unavyofanya kazi yako ya mchana ndiyo hifadhi ya duma. Hakuna nyingine.

Kumtambua

Duma na chui huchanganywa sana, na kosa hilo huleta kesi zisizo na msingi na risasi zisizostahili. Tazama uso kwanza. Duma ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka kona za ndani za macho hadi pembeni mwa mdomo. Chui hana. Madoa ya duma ni meusi, mazima, ya mviringo. Ya chui yamekaa kwa mafungu, yamezunguka kama ua lenye nafasi katikati. Duma ana miguu mirefu, kiuno chembamba na kichwa kidogo. Chui ni mfupi, mnene wa shingo na kifua. Ukimwona mnyama mwenye madoa saa nne asubuhi amesimama juu ya kichuguu akitazama mbali, yaelekea ni duma. Aliyeruka ndani ya zizi saa nane za usiku, yaelekea si yeye.

Duma hawindi binadamu. Akikuona kwa kawaida huondoka, na ukipiga kelele akiwa juu ya mbuzi, mara nyingi humwachia. Hilo lisikufanye umsogelee. Mnyama yeyote aliyebanwa pembeni, aliyejeruhiwa au mwenye watoto anaweza kuuma.

Mbuzi akiuawa

Hapa ndipo uhai wa duma wengi huamuliwa, na hapa ndipo mfugaji hupoteza haki yake kwa haraka ya hasira. Mbuzi mmoja ni karo ya shule, ni dawa ya mgonjwa, ni sehemu ya mahari. Hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia mfugaji asikasirike. Ninachoomba ni kwamba hasira ingoje mpaka mzoga ukaguliwe.

Fukuza mbwa na watoto kwanza, wasikanyage nyayo. Tazama mzoga ulipo. Chui huburuta windo lake hadi kichakani au juu ya mti, na hulirudia. Duma hula palepale au kivulini karibu, anakula haraka akihofia kunyang'anywa, huanzia mapajani na mbavuni, na huacha ngozi, utumbo na mifupa mikubwa. Si desturi yake kurudia mzoga. Fisi hurarua tumbo na makalio mnyama akiwa bado hai, huvunja mifupa, na asubuhi unakuta damu, kwato na kipande cha ngozi. Bweha huchukua vitoto.

Kisha chunguza koo. Duma huua kwa kubana koromeo mpaka mnyama akose pumzi, kwa hiyo matundu ya chonge huwa chini ya shingo, na nje yanaweza kuonekana madogo sana, pengine tone moja la damu kwenye manyoya. Usiishie hapo. Chukua kisu, chuna ngozi ya shingo polepole kuanzia chini ya taya, uigeuze. Kama mbuzi alibanwa akiwa hai, utaona nyama ya chini imevilia damu, nyekundu iliyokoza hadi nyeusi, kuzunguka kila tundu. Kama alikwisha kufa kwa ugonjwa au kiu kabla ya kuumwa, nyama hiyo huwa safi, haina damu iliyovilia, hata kama mwili mzima umeliwa. Alama hiyo ndiyo inayotofautisha mbuzi aliyeuawa na mbuzi aliyeokotwa, na afisa anayejua kazi yake ataiuliza. Ipige picha kabla jua halijaikausha.

Nyayo nazo zina neno. Chui anapotembea huficha makucha. Unyayo wake ni wa mviringo usio na alama za kucha. Duma huonyesha kucha. Fisi pia huonyesha, ila unyayo wa fisi ni mpana, umeelemea upande mmoja, na wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Weka kitu unachojua ukubwa wake kando ya unyayo, kiberiti au simu nyingine, ndipo upige picha.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inampa mfugaji haki ya kudai fidia kwa mifugo iliyouawa na wanyama waliotajwa ndani yake, na duma ni mmoja wao. Dai hupelekwa kwenye kamati ya kaunti ya uhifadhi wa wanyamapori na fidia. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa chifu na kwa ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, mjini Lodwar, na umwite afisa wa mifugo auone mzoga. Kuna kifungu ambacho wengi hawakijui mpaka dai lao limekataliwa: fidia hailipwi kama mwenye mali hakuchukua hatua za kutosha kulinda mifugo yake. Kwa hiyo andika nani alikuwa akichunga, kundi lilikuwa na mbuzi wangapi, na mbuzi alikuwa wapi alipokamatwa. Mzee asiyejua kuandika amwombe mwalimu au kijana wa shule amwandikie siku hiyo, si baada ya mwezi.

Malipo huchelewa, wakati mwingine kwa miaka. Ni kosa kubwa, linavunja imani ya wafugaji, na wenye mamlaka ya kulirekebisha wanapaswa kulirekebisha. Hata hivyo dai lililoandikwa vizuri lina faida nyingine ambayo haingoji hazina ya serikali: linaonyesha ni wapi duma yupo. Bila taarifa hizo Turkana huonekana tupu kwenye ramani, na mahali panapoonekana patupu hapatengewi askari wala mafuta ya gari.

Novemba 2013, karibu na Wajir, wanaume wanne walingoja jua la mchana likolee, kisha wakawakimbiza kwa miguu duma wawili waliokuwa wakila mbuzi wa mfugaji mmoja. Baada ya zaidi ya kilomita sita duma walichoka, wakakamatwa wakiwa hai, wakakabidhiwa KWS. Mwenye mifugo alisema amepoteza mbuzi 15. Uamuzi wao wa kutowaua unastahili heshima kubwa, maana walikuwa na kila sababu ya kufanya vinginevyo. Njia yenyewe isiigwe. Duma ana mbio kali za muda mfupi tu: mikanda ya kupimia waliyofungwa duma wa Botswana, katika utafiti wa mwaka 2013, ilisoma kasi ya hadi kilomita 93 kwa saa. Mwili wake haukuumbwa kukimbizwa masafa marefu juani, na mnyama aliyechoshwa hivyo anaweza kufa hata baada ya kuachiliwa.

Kinga ya mchana

Wafadhili wanapenda kujenga mazizi imara, na zizi imara ni jema: linazuia fisi na chui usiku. Lakini duma ni mnyama wa mchana. Huwinda asubuhi na alasiri hadi machweo, na mara chache usiku wa mbalamwezi. Boma la miba ya mti wa ewoi hata liwe refu namna gani halitamzuia kumchukua mbuzi aliyebaki nyuma saa tano mchana. Kinga yake ni mchungaji.

Mchungaji awe mtu mzima au kijana aliyekomaa. Tunajua jinsi ilivyo: watoto wa miaka minane au tisa ndio wanaotumwa na mbuzi, wakubwa wakiwa na ngamia au wamekwenda kutafuta kibarua Kakuma. Mtoto huyo anapaswa kuwa shuleni, na mbali na hilo, duma humpima mchungaji. Kundi lenye mtu mrefu anayetembea na kupaza sauti husumbuliwa kidogo kuliko kundi linalofuatwa na mtoto aliyelala chini ya mti. Kama hakuna budi mtoto kuchunga, familia mbili au tatu za adakar moja, yaani kundi la maboma yanayohama pamoja, ziunganishe makundi na kutoa mtu mzima mmoja kwa zamu.

Mahali pa hatari zaidi ni visimani. Pale ambapo maji huchimbwa kwenye mchanga wa laga, kama Tarach wakati wa kiangazi, makundi hungoja zamu kwa saa nyingi. Mbuzi hutawanyika kutafuta maganda ya ewoi kando ya laga, mchungaji yuko ndani ya kisima akitoa maji, na hakuna anayetazama. Mtu mmoja abaki juu ya kingo muda wote, kazi yake ikiwa kutazama tu. Hesabu mbuzi kabla ya kunywesha na baada ya kunywesha. Vitoto vinavyoachwa karibu na nyumba visiachwe vikizurura. Boma dogo lenye kivuli linatosha. Epuka kupitisha kundi kwenye vichaka vizito vya etirae, ile mathenge iliyofunga kingo za mito, kwa maana humo mchungaji haoni hatua kumi mbele na chochote kinaweza kujificha.

Mbwa husaidia akilelewa kwa kazi hiyo. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa ulinzi, na sehemu ya uzoefu huo inayotufaa haihitaji mbwa wa kigeni: mtoto wa mbwa akuzwe katikati ya mbuzi tangu mdogo, ale hapo, alale hapo, awaone kuwa ndugu zake. Mbwa wa namna hiyo hafukuzi wanyama porini. Hubaki na kundi na kubweka. Mpatie chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka kupitia ofisi ya mifugo, kwa sababu kichaa huua watu wa kwenu kabla hakijamfikia mnyama wa porini.

Na tupime hasara kwa haki. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza hapa Turkana, mwaka 2006 na 2007, na inaweza kufagia zizi zima kwa wiki chache. Homa ya mapafu ya mbuzi nayo ipo. Misimu mitano ya mvua iliyokosa kati ya mwaka 2020 na 2022 iliangamiza mifugo kwa mamilioni katika kaunti kavu za Kenya. Duma huchukua mbuzi mmoja, akashiba. Siku ya chanjo inapotangazwa, mfugaji anayefika na kundi lake lote anaokoa mali nyingi kuliko risasi yoyote inavyoweza kuokoa.

Ukiwakuta watoto wa duma

Sehemu hii isomwe mara mbili, hasa na wachungaji na polisi wa akiba.

Duma jike huzaa watoto watatu hadi watano kwa kawaida, huwaficha kwenye nyasi ndefu au kichaka cha esekon, na huenda kuwinda. Anaweza kukaa mbali saa nyingi, hata siku nzima. Huwahamisha maficho kila baada ya siku chache ili harufu isiwaite fisi. Mpaka wafike umri wa wiki nane hivi, watoto hawamfuati. Hukaa kimya wakingoja. Wana manyoya marefu ya kijivu mgongoni, na wakiita hutoa sauti nyembamba inayofanana sana na ya ndege. Mchungaji husikia ndege chini ya kichaka, anainama, anakuta watoto watatu peke yao, na moyo unamwambia wametelekezwa.

Hawakutelekezwa. Mama yuko kazini. Usiwaguse, usiwanyweshe maziwa ya mbuzi, usiite wenzako kuja kutazama. Ondoka kwa njia uliyojia, peleka kundi upande mwingine kwa siku kadhaa, umwarifu chifu. Mama akikuta watu wamejaa hapo, anaweza kuwahama kweli.

Watoto wa duma hawana bahati hata bila sisi. Uchunguzi wa miaka mingi Serengeti ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 waliozaliwa huko, takriban watano tu ndio waliofikia umri wa kujitegemea, wengi wakiuawa na simba. Katika nchi zenye simba wachache hali ni nafuu, na kwa sababu hiyo nchi kama yetu ina thamani ambayo wengi hawajaiona. Kila mtoto anayechukuliwa hapa ni mmoja wa wale ambao wangeweza kuishi.

Anayechukuliwa huenda wapi? Wengine hufa nyumbani kwa mtu aliyedhani anawafuga, kwa kuhara na mifupa laini, maana maziwa na ugali havimlei duma. Wengine huuzwa. Biashara ya watoto wa duma katika Pembe ya Afrika inajulikana vizuri: hukusanywa Ethiopia, Somalia na kaskazini mwa Kenya, hupitishwa Somaliland, huvushwa bahari hadi Yemen, na kuishia kwa matajiri wa Ghuba wanaotaka kupiga picha na mnyama garini. Wengi hufa njiani. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitunga sheria mwaka 2016 ya kukataza watu binafsi kufuga wanyama hatari, lakini biashara haijaisha. Biashara ya kimataifa ya duma wa porini imefungwa chini ya mkataba wa CITES, ambao umemweka kwenye orodha yake ya kwanza tangu mwaka 1975. Kwa sheria ya Kenya, kumweka duma hai nyumbani bila kibali ni kosa kama kumuuza, na adhabu yake ni faini nzito au kifungo cha miaka, au vyote viwili. Mtu akikuuliza kama umeona watoto wa duma na akataja bei, usibishane naye. Kumbuka sura, namba ya gari au pikipiki, na njia aliyochukua, umpe taarifa afisa wa KWS ana kwa ana.

Kama mama amekufa kwa hakika, umeona mzoga wake kwa macho yako, hapo ndipo watoto wanahitaji msaada. Hata hapo subiri maelekezo ya KWS kwa simu kabla ya kuwainua. Ukielekezwa kuwachukua, waweke kwenye sanduku lenye matundu na giza, kivulini, bila chakula mpaka mtaalamu aseme.

Barabarani

Barabara ya Lodwar, Kakuma na Lokichoggio imekuwa nzuri, na uzuri huo umeongeza mwendo. Wanyama wengi wadogo na wa kati huvuka alfajiri na magharibi. Dereva apunguze mwendo saa hizo katika sehemu za wazi zenye swala, kwa sababu anapovuka swala, duma anayemfuata anaweza kuwa nyuma yake. Ukimgonga duma au ukimkuta amegongwa, washa taa za tahadhari, simama mbali, piga simu KWS. Ngozi isichunwe, mkia usikatwe, hata kama amekwisha kufa.

Utingo na abiria wasishuke kumfukuza ili wapate video. Na picha uliyopata isipelekwe kwenye vikundi vya WhatsApp ikiwa na jina la laga au kijiji, maana anayewatafuta watoto wa duma yumo humo pia. Wafanyakazi wa mashirika na wageni wa tamasha la Tobong'u Lore wasinunue ngozi, kucha wala pambo lenye manyoya ya madoa kwa hoja kwamba ni utamaduni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka 1978, na marufuku hizo hazina nafasi ya zawadi ya kumbukumbu.

Nyama, makaa na sumu

Duma wa hapa hula dikidiki, sungura, swala granti, swala twiga, na watoto wa choroa. Wakiisha hao, atakula mbuzi. Kwa hiyo kila dikidiki anayenaswa kwa waya na kuuzwa Kakuma ni deni ambalo mfugaji wa Pelekech au Letea atakuja kulipa. Sisemi hili kumlaumu mkimbizi. Kakuma ilianza mwaka 1992, Kalobeyei ikafuata miaka zaidi ya 20 baadaye, mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa, na mwenye njaa hula anachopata. Tena wanaotega si wageni peke yao. Lakini mwenye bucha ana uwezo wa kukataa. Nunua mnyama aliyechinjwa machinjioni na kupigwa muhuri na mkaguzi. Nyama ya porini isiyokaguliwa inaweza kuleta kimeta, na mteja akiugua, ni duka lako linalofungwa. Wachoma makaa wakate etirae, iko tele na inazidi kuenea, waache ewoi na miti ya kando ya laga ambayo swala na mbuzi wote huitegemea kiangazi.

Sumu isiwekwe kwenye mzoga kamwe. Furadan ilitolewa madukani Kenya mwaka 2009 na watengenezaji wake baada ya simba kuuawa nayo, ila sumu nyingine za mashamba na za kupe zipo. Anayetega sumu akidhani analipiza kisasi kwa duma anamkosa kabisa: duma hula alichoua mwenyewe na ni nadra kula mizoga. Watakaokufa ni tai, bweha, mbwa wa boma lako, na pengine mtoto aliyegusa nyama kisha akala kwa mkono huohuo. Ukikuta mzoga wenye tai waliokufa kando yake, usiguse chochote, zuia watu na mifugo wasisogee, mwarifu chifu na KWS mara moja. Mzoga huo unapaswa kuchomwa au kufukiwa na wenye vifaa.

Kupeleka taarifa

Kila chifu, kiongozi wa adakar, dereva mkuu wa shirika na mwenyekiti wa bodaboda awe na namba ya simu ya ofisi ya KWS Lodwar, na aihakikishe kwa kupiga kabla ya tatizo kutokea. Kule ambako mtandao haushiki, mkubaliane mapema ni nani atapeleka habari na kwa pikipiki ya nani, na mafuta yake yatatoka wapi. Jambo hili likiachwa mpaka siku ya dharura, habari hailali njiani bali haiondoki kabisa. Mashirika yenye redio za magari huko Kakuma na Kalobeyei yaruhusu madereva wao kuzitumia kwa taarifa za wanyamapori, na yaandike ruhusa hiyo kwenye kanuni zao ili dereva asihofu kuadhibiwa.

Taarifa iliyokamilika ina mambo haya: tarehe na saa; mahali kwa jina la laga, mlima au kisima kinachojulikana na wenyeji, pamoja na umbali kutoka hapo; duma wangapi, wakubwa au wadogo; walikuwa wanafanya nini; kulikuwa na mifugo au la; na nani mwingine aliona. Hata kama hakuna mbuzi aliyeuawa, peleka. Duma aliyeonwa akipita kwa amani ni habari muhimu kuliko mzoga, kwa kuwa inaonyesha njia anayotumia wakati hakuna ugomvi, na njia hiyo ndiyo ya kuzingatiwa pale kaunti inapopanga kisima kipya, barabara ya vumbi au makazi mapya. Chifu aziandike taarifa zote kwenye daftari moja, na kila miezi mitatu nakala ipelekwe kwa mwakilishi wa jamii katika kamati ya kaunti, naye atie sahihi kuwa ameipokea.